Bodi Mpya ya Kamisi

Kiraka kilichomelewa Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi kilikuwa kimeliwa.

Candia, fundi wa bodi za magari pale Arua, upande wa barabara iendayo Dadamu, alipiga magoti mbele ya mlango wa pikapu, akagusa bati alilolichomelea jana yake kwa mikono yake mwenyewe. Kidole kikapita mpaka ndani. Kutu ilikuwa mbichi, nyekundu, ina unyevunyevu, na mvua haikuwa imenyesha kwa majuma mawili. Alinusa kidole, akakunja uso, akakipangusa kwenye suruali.

"Mzee, hii hapana harufu ya chuma," alisema. "Hii iko harufu ya nyama."

"Wewe hujakunywa chai, ndiyo maana unanusa nyama kila pahali," mwenye gari akamcheka. "Weka kiraka ingine."

Mwenye gari alikuwa Kamisi, mwana wa marehemu Sajini Duku, mtu wa Koboko. Kichwa chake kilikuwa kigumu hata kwa kipimo cha Koboko, na huko vichwa laini ni vya kutafuta kwa tochi. Siku za soko alipakia muhogo na simsim kuleta Arua. Siku nyingine aliwarudisha nyumbani waliofia mbali: kutoka hospitali za Arua, au kutoka mpakani Oraba. Tusimnyime haki yake, hakuwahi kumkatalia mfiwa hata mmoja. Na katika safari hizo hakuna aliyesema maiti, kwa kuwa neno hilo ni zito mdomoni mwa mwenye msiba. Walisema bodi, kama wanavyosema wauguzi. Bodi imetoka. Bodi iko njiani. Bodi imefika.

Pikapu lenyewe alilirithi kwa baba yake, Sajini, ambaye jina lake lilikuwa bado limeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Miaka arubaini gari lile halikuwahi kukwama porini wala kusimamishwa kizuizini, na wazee wa Koboko walipoulizwa sababu walibadilisha mazungumzo. Sajini alikufa ameketi kwenye usukani wake, mlangoni pa nyumba yake, injini ikinguruma. Tangu hapo Kamisi aliliona lile bati kama ngozi ya baba yake.

"Sikiliza, Mzee," Candia alisema. "Chasisi iko mzima. Injini iko mzima. Bodi ndiyo imekufa. Mimi iko na bodi ya gari kama hii pale nyuma, safi, hakuna kutu hata kidogo. Badilisha."

"Bodi ya baba yangu haibadilishwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ziba."

"Ufa ya ukuta hapana kula bati usiku moja," Candia alinung'unika, lakini akashika nyundo.

Akagonga mara tatu kunyoosha sakafu ya kabini. Kutoka chini ya sakafu kukajibiwa mara tatu. Candia akatulia, nyundo hewani. Ulikuwa mchana mweupe, bodaboda zinapita, jirani anajaza upepo kwenye magurudumu, redio inaimba. Akadhani ni mwangwi. Ndipo chini ya sakafu kukagongwa mara ya nne, peke yake, polepole, kama mgeni anayejua kwamba wenyeji wamo ndani.

"Umesikia?" Candia alinong'ona.

"Nimesikia fundi mwoga," Kamisi alisema, ingawa alikuwa amerudi nyuma hatua moja.

Alikuwepo pia Kiden, binti yake Kamisi, mwenye miaka kumi na tisa, aliyemfuata babaye Arua kununua vitambaa vya kushona. Huyu ndiye aliyekuwa moyo wa Kamisi. Watu walimtania kwamba mzee ana wapenzi wawili, Kiden na pikapu, na mkewe Shamira ni wa tatu. Kiden aliona fundi ametetemeka, akasogea kumshikia mlango asije akauangusha. Ukingo ulioliwa na kutu ukamkata kiganjani. Jeraha lilikuwa dogo, refu kama punje ya mchele, na halikutoa damu. Akalitazama kwa mshangao, kisha akacheka.

"Baba, gari yako imeniuma."

Walimpeleka kituo cha afya, akadungwa sindano ya pepopunda, akafungwa bandeji. Kamisi akarudi na kiraka chake kipya hadi Koboko, anapiga mluzi njia nzima.

Siku ya tatu kiraka kikaliwa. Kamisi akalirudisha gari Arua, tundu likazibwa kwa bati nene zaidi. Jioni hiyo Shamira alipofungua bandeji ya Kiden, jeraha lilikuwa limepanuka kuwa pana kama kisoda, linatoa maji ya rangi ya kahawia, na vidole viwili vimekakamaa. Wiki iliyofuata kutu ikatoboa mahali pengine, pembeni ya jina la Sajini. Kamisi akaziba tena. Siku hiyohiyo rangi ile ya kahawia ikapanda kifundo cha mkono wa Kiden, na ngozi ikaanza kubanduka magamba magamba, makavu, yanayoacha vumbi jekundu kwenye shuka.

Madaktari walifanya wajibu wao. Walibadilisha dawa, walisafisha, walipima damu na kupima tena. Mwishowe mmoja wao, mtu mpole, akasema kwamba uozo ukifika kiwikoni watalazimika kukata mkono.

"Baba Kiden," Shamira alimwambia mumewe uani, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. "Mimi nimehesabu siku. Kila siku unaweka kiraka kwa gari, mkono ya mutoto inaoza zaidi. Nakuomba. Toa hiyo bati."

"Unataka nitupe baba yangu kwa sababu ya kidonda?"

"Baba yako alikufa. Mutoto yako iko hai."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kamisi aliamka asubuhi, akaenda Arua, akamwamuru Candia azibe tundu la tatu. Na tuseme ukweli wake wote, maana hadithi isiyosema ukweli ni kelele tu: alikwishaanza kuamini. Njiani kuelekea Arua alikuwa amesikia kucha zikiparua chini ya kiti, na alikuwa amemuona Kiden akiushika mkono wake kama mtu anavyoshika kitu cha watu. Aliamini, na bado akasema ziba. Kuna wanaume ambao kukubali kosa kwao ni kugumu kuliko kuzika.

Aliporudi nyumbani jioni hiyo uozo ulikuwa umefika kiwikoni, na Kiden hakulia tena. Alikaa mkekani, macho makavu, ananuka kama nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria ya chuma.

"Baba," alisema, "usiku inanigongea kwa mfupa."

Hapo ndipo kichwa kigumu kilipopasuka. Kamisi alikimbia kwa miguu, bila viatu, hadi kwa Faki Swaib.

Faki Swaib alikuwa msomaji wa dua anayejulikana Koboko nzima. Zamani alikuwa askari pamoja na Sajini Duku. Mguu mmoja aliuacha vitani, na tangu hapo hakusafiri mbali. Alimsikiliza Kamisi mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu.

"Baba yako alikuwa rafiki yangu, lakini alikuwa mjinga," alisema. "Tulipokuwa ng'ambo ya mpaka, karibu na mji ya Kaya, alipata jini moja hana pahali ya kulala. Alimwambia, linda mimi barabarani, na lala ndani ya bati ya gari yangu. Basi jini amelala humo. Sasa wewe unaziba mlango yake. Ukiziba hapa, anafungua ingine pale, kwa damu iko karibu."

"Nifanye nini, Faki?"

"Hapana ziba tena. Ondoa bati yote. Lakini yeye atoke kwanza, na wewe mwenye mali ndiye unamutoa." Akamshika Kamisi bega, akalibana. "Simama mbele ya gari saa sita mchana. Sema hivi: toka katika nyumba ya chuma ya Duku, rudi pahali ulitoka. Hiyo tu. Akiuliza, hapana jibu. Akiomba, hapana toa kitu. Na usiite hiyo gari jina ingine. Sema nyumba ya chuma, basi."

"Kwa nini nyumba ya chuma?"

"Kwa sababu hilo neno hakuna mutu anatumia kwa kazi ingine. Jini hapana elewa maana kama watu, Kamisi. Jini iko na masikio tu. Neno amesikia namna gani miaka yote, kwake iko namna hiyo."

Kamisi aliyarudia maneno yale mara saba mpaka Faki akaridhika. Heri angekuwa bubu.

Siku ya pili yake, kabla ya saa sita, Kamisi, Shamira na Kiden walikuwa Arua. Candia alikwisha kufungua boliti zote za bodi ya zamani na kuifunga minyororo ya kuinulia. Bodi mpya ilikuwa pembeni juu ya magogo, imepakwa rangi ya kwanza, nyeupe. Kiden aliketi kwenye benchi chini ya kibanda cha mabati, mkono umezungushiwa kanga mbili, kichwa begani kwa mamaye. Candia alivuta mnyororo. Boliti hazikuwepo, na bado bodi haikunyanyuka hata unene wa kucha.

"Haya, Mzee," alisema, akafanya ishara ya msalaba, kisha akarudi nyuma. "Sema mambo yako."

Kamisi alisimama mbele ya gari la babaye. Jua lilikuwa utosini na kivuli chake kilikuwa kimejikunja chini ya nyayo. "Toka katika nyumba ya chuma ya Duku," alisema, "rudi pahali ulitoka."

Redio ya jirani ikazimika. Harufu ya nyama ikafumka kutoka kwenye matundu yote ya bati kwa mara moja, nzito, ya moto, na kutu ikaanza kutoka jasho, matone mekundu yakichirizika juu ya jina la Sajini. Kisha kutoka chini ya kiti cha dereva ikaja sauti, kavu, ya adabu, ya askari aliyeamshwa zamu.

"Mimi nitalala wapi?"

Kamisi aliuma meno. Hakujibu.

"Duku alinipa pahali. Wewe unafukuza. Mimi nitalala wapi?"

"Toka katika nyumba ya chuma ya Duku..."

Kiden akapiga kelele. Ilikuwa kelele ambayo mzazi haisikii mara mbili akabaki vilevile, na Kamisi alipogeuka aliona kanga zimedondoka na mkono umekuwa mwekundu wote, magamba yanapanda kutoka kiwikoni kwenda begani, yanapanda kwa macho, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, yakafika shingoni, na Shamira anayakwangua kwa kucha zake huku analia, "Baba Kiden, sema, sema, sema naye, fanya kitu!" na sauti ile chini ya kiti haikupaza wala haikuharakisha, iliuliza tu, mimi nitalala wapi, mimi nitalala wapi, mpaka Kamisi akasahau Faki, akasahau nyumba ya chuma, akasahau yote ila neno lililokuwa mdomoni mwake na mwa Candia juma baada ya juma, akanyoosha mkono kuonyesha lile bati jeupe juu ya magogo na kupiga ukelele:

"Bodi mpya iko hapa! Iko safi, haina kutu! Chukua hiyo, toka kwa hii!"



"Umesema bodi," sauti ikauliza.

"Bodi! Ndiyo!"

"Mpya."

"Mpya! Chukua!"

Mnyororo ukakaza, na bodi ya Sajini Duku ikanyanyuka yenyewe kidogo, nyepesi kama sinia. Matone mekundu yakakauka. Redio ya jirani ikaendelea na wimbo wake pale ilipoachia. Na pale benchi Kiden alikuwa amenyamaza, ameketi wima, mkono wake mwororo, msafi, bila hata alama ya punje ya mchele.

Shamira alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Candia alicheka na kulia. Kamisi alipiga magoti kwenye mafuta na vumbi, akaukumbatia ule mkono na kuubusu, na ulikuwa baridi, lakini nani angejali baridi saa ile. Kiden alimtazama kwa upole, akatabasamu.

Bodi mpya ilifungwa alasiri ileile na kupimwa mara mbili. Ilikaa juu ya chasisi barabara. Walirudi Koboko kwa barabara ya lami, Shamira anaimba katikati, Kiden kimya dirishani, hakuna kinachogonga popote. Kwa mara ya kwanza Kamisi aliwaza kwamba alipaswa kubadilisha bodi siku ya kwanza kabisa, na aibu ikamchoma, akajiapiza kwamba atamwomba mtoto msamaha mbele ya watu.

Faki Swaib alikuwa amejikongoja kwa magongo yake hadi uani kwa Kamisi kuwangoja. Kiden alishuka wa kwanza, akamwamkia. Faki akaupokea mkono wake. Hakuuachia. Vidole vyake vilisogea taratibu hadi kifundoni, vikakaa hapo, vikatafuta, vikahama, vikatafuta tena. Kisha akauachia, akauweka chini kwa uangalifu.

"Ingia ndani, mutoto. Saidia mama yako," alisema. Alipokwisha kuingia, akamwambia Kamisi kwa mnong'ono, "Ulisema nini?"

"Nilisema kama ulivyonifundisha."

"Kamisi. Ulisema nini?"

"Mtoto alikuwa anakufa, Faki. Nilimwonyesha jini bodi mpya. Nikasema chukua."

Faki alifumba macho. "Mwaka jana ndugu yangu alikufa Arua. Wewe ulimuleta. Ulinipigia simu kutoka barabarani. Ulisema nini siku hiyo?"

"Nilisema..." Kamisi alianza. "Nilisema bodi iko njiani."

"Na jini alikuwa wapi wakati unasema?"

Kamisi aligeuka akalitazama pikapu.

"Miaka yote hiyo yeye iko chini ya kiti, anasikia. Bodi ya ndugu yangu, bodi ya mama ya nani, bodi ya mutoto ya nani. Sasa wewe unamwambia, chukua bodi mpya, iko hapa." Mzee alitazama mlango alioingia Kiden. "Alitafuta bodi mpya, hakuona. Akaitengeneza."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kamisi alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, akauona ni wa kuwatishia wasichana.

"Mtoe," alinong'ona. "Faki, mtoe humo."

"Nitamutoa. Nikisoma sasa hivi, atatoka, hana nguvu ya kubaki. Lakini ujue atatoka ndani ya nini na atakuachia nini." Faki alimtazama machoni. "Nenda kwanza utafute sanda."

Ndani ya nyumba Shamira alicheka. Ilikuwa miezi tangu acheke. "Baba Kiden!" aliita. "Njoo uone! Amekula sahani nzima, anaomba ingine!"

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini Kamisi hakuweza kumwita mkewe aje ale lake. Alisimama pale mpaka jua likashuka nyuma ya paa la jirani. Mara mbili Faki alifungua mdomo kuanza kusoma, na mara mbili Kamisi akamwekea mkono kifuani.

"Rudi nyumbani, Faki," alisema mwishowe.

"Kamisi, mutoto yako hayumo. Ile iko pale ndani hapana Kiden."

"Ina sura yake. Rudi nyumbani."

Mzee alikwenda zake bila kuaga, magongo yakigonga ardhi mpaka barabarani. Kamisi aliingia, akaketi mkekani. Shamira alimpakulia. Kiden alikuwa ameketi mbele yake, anakula kwa mkono ule ule, taratibu, bila kutafuna vizuri, anatazama kuta na dari na milango ya nyumba kwa makini, kama mpangaji mpya.

Asubuhi Kamisi alipotoka alimkuta amekwisha kuketi ndani ya pikapu, mahali pa abiria, mgongo wima, viganja juu ya magoti. Shamira alikuwa mlangoni na ufagio, anawatazama wote wawili kwa furaha ya mama aliyerudishiwa mtoto.

"Anataka kwenda na wewe," alisema. "Mchukue, apunge hewa."

Kamisi alipanda. Funguo zikamponyoka. Kiden aliinama akaziokota, akampa, na kwa sauti tamu ya binti yake, chini chini ili mama asisikie, akamuuliza:

"Dereva, leo tunabeba nani?"

Kamisi aliwasha gari.